Nyuzi za Zambarau

Perege wote walikuwa wamekufa midomo wazi, lakini kambale walikuwa hai. Inspekta Fausta aliliona hilo kabla hajamaliza kusalimiana na mwenye bwawa, akalinyamazia. Mtu aliyepoteza samaki wake wote hapendi kuona mgeni anakodoa macho kwa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye msiba."

Bibi Yosefina alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la hasira. Mbele yake palikuwa na lundo la samaki juu ya majani ya mgomba, na nzi walikuwa wameshapata habari. Jana alfajiri alikuta samaki hao wanaelea. Kabla jua halijawa kali, vijana wa mtaa walikuwa wameshamkamata jirani yake Limbu, mfugaji wa Kisukuma, wakamburuta hadi kituoni na kuwafungia ng'ombe wake nyuma ya ofisi ya mtaa. Jana hiyo hiyo jioni watu walikusanyika, wakaulizwa kama Limbu ahame, na mikono ikapanda juu bila hata mmoja kukohoa. Leo jioni wangekutana tena kulipitisha rasmi.

"Niletee jibu kabla ya huo mkutano," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Fausta. "Kesi hii ikilala ya samaki, itaamka ya mapanga."

Basi Fausta akachuchumaa. Alikuwa mzaliwa wa hapa Ifakara, ila kazi ilikuwa imemzungusha vituo vya nusu ya nchi, na mwaka huu ndio kwanza alikuwa amerudishwa nyumbani kumalizia utumishi wake. Alikuwa bado anaizoea Lumemo upya, mto na mtaa wake. Kila alipopita aliona mahali palipokuwa na kitu fulani zamani, na sasa pana kitu kingine.

"Kwa nini Limbu?" aliuliza.

"Kwa sababu ya hii." Bibi Yosefina alitoa chupa ya plastiki chini ya kanga. Ilikuwa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Nimeiokota pale kwenye majani. Mtaa huu nani mwingine ana ng'ombe? Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Marehemu mume wangu alimpokea yule kama mdogo wake, wakati hana hata pa kufunga ndama."

Fausta aliinua chupa juani. Ndani yake buibui alikuwa amejenga, akaishi, akahama. Utando ulikuwa mkavu, umejaa mabawa ya mbu wa zamani.

"Bata hawa ni wa nani?"

"Wangu."

"Wanakunywa wapi?"

"Humo humo bwawani. Wakanywe wapi tena?"

"Na wako hai."

"Bata ni bata," alisema Bibi Yosefina, kwa sauti ya kufunga mjadala.

Dawa ya kupe haina adabu hiyo ya kuchagua. Ingeua perege, ingeua kambale, na vyura wasingekuwa wanaruka miguuni pa Fausta namna ile. Aliiweka chupa pembeni. "Asubuhi ile, kabla hawajafa wote, walikuwa wanafanyaje?"

"Walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanatweta kama watu. Mpaka nikawaonea huruma."

Fausta alichukua perege mmoja, akafunua mashavu yake pale samaki anapopumulia. Kulikuwa na kitu kimenasa, kama vumbi la pamba lililolowa. Alikivuta kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa cha rangi ya zambarau. Akafungua wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa nacho.

"Si unaona!" Bibi Yosefina aliruka kutoka kwenye ndoo yake. "Blanketi lake hilo! Uliza yeyote. Lile la manyoya, la zambarau, halivui masika wala kiangazi. Alikuja hapa usiku nalo begani, akayamwaga madudu yake, nyuzi zikabaki."

Chupa ilikuwa imemwokoa Limbu, na sasa nyuzi zilikuwa zinamrudisha ndani.

"Maji yanaingilia wapi, mama?"

"Bomba lile pale, kutoka mtoni." Bomba nene lilichungulia kutoka kwenye ukingo, likidondosha maji kwa kusitasita. "Kiangazi, mwanangu. Lumemo imenywea. Halafu siku hizi hakuna mtu wa kulitunza. Mzee wangu Anselim alikuwa anasuka mgono mdogo wa matete, ule mtego wa samaki kama kikapu, anauvisha bomba kule juu, watoto wa kambale wasipite wakaja kula vifaranga vyangu. Kila mwaka anasuka mpya. Nani anasuka leo?"

Fausta alimkumbuka vizuri. Anselim alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na samaki ametunga kwenye unyasi, anapiga mluzi, na mama yake Fausta alikuwa akimkaripia kwa kuchelewa, kisha ananunua wote. Mgono wa Anselim ungeuweka mtoni, maji yangepita kama hakuna kitu. Inspekta alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaondoka bila kwenda kuliangalia lile bomba kule juu. Lilikuwa kosa lake la siku hiyo, na lilimgharimu mchana mzima.

*

Bryson, afisa uvuvi, alikuwa kijana mwenye hadubini moja na dirisha moja, na alikuwa amevipanga vikae pamoja. Alimsikiliza Fausta, akawachunguza samaki, hakuchukua muda.

"Hawa wamekosa hewa, Afande. Sumu haipo. Perege akikosa hewa ndani ya maji amekwisha. Kambale anapanda juu, anavuta hewa ya kwetu, anarudi zake kwenye tope."

"Na hizi nyuzi?"

Bryson aliinamia hadubini. "Si pamba. Si sufu pia, nadhani."

"Usiniambie nadhani." Fausta alitoa kiberiti. Alikuwa amejifunza jambo hili zamani, kwenye kesi ya duka lililochomwa moto, na hakuwa amelisahau. Kwanza alichomoa uzi kwenye kitambaa cha kufutia meza cha Bryson, akauwasha. Ulishika moto kama karatasi, ukaacha majivu laini. Kisha akawasha ule wa zambarau. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kidonge kidogo cheusi, kigumu, chenye harufu ya ndoo iliyoungua.

"Plastiki," alisema.

"Ndiyo nguo zetu za siku hizi, Afande. Kila ukifua zinatoa nyuzi ndogo, nyingine huzioni kwa macho. Zinakwenda Lumemo, zinaingia Kilombero, zinaingia Rufiji, mpaka baharini. Watu wa pwani wanazikuta kwenye mchanga wanashangaa zimetoka wapi." Alicheka kidogo. "Zimetoka kwetu."

Fausta alivuta uzi kwenye pindo la blauzi yake mwenyewe, akauwasha. Ukawa kidonge cheusi. Wakatazamana.

"Nani anafua manyoya mtoni?" aliuliza.

"Evod wa mitumba. Juu ya bwawa la Bibi, pale penye mawe."

*

Penye mawe. Fausta hakuhitaji kuelekezwa. Alipatelemkia kwa miguu ambayo ilipajua kabla ya yeye kuwa na akili, akasimama. Jiwe la mama yake lilikuwepo bado, limelala upande, mgongo umelainika kwa nguo za vizazi. Walikuwa wakija hapa Jumamosi na kaniki, mashuka ya amerikani, na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi. Nguo zilipigwa juu ya jiwe mpaka zilie. Kiu ikikubana, unasogea hatua chache juu, unachota kwa kiganja, unakunywa. Hakuna aliyewahi kukukataza. Fausta aliyatazama maji sasa, akaona povu la sabuni ya unga limekaa kwenye matete.

"Afande, karibu jaketi!" Evod alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, amezungukwa na marundo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo kiasi. "Lako ninalo. La bluu. Limekusubiri tangu Ulaya."

"Evod, Ifakara hii ya joto, nani anakununulia manyoya?"

"Walinzi, wavuvi, wafugaji. Joto la mchana ni la watu wa ofisini. Kalale mtoni usiku mmoja uone."

"Unazifulia hapa kabla ya kuuza?"

"Robota likifunguliwa lina harufu, mama. Mteja hanunui harufu."

"Umewahi kuuza mablanketi ya zambarau?"

Evod aliacha kufua. Habari za bwawa zilikuwa zimemfikia, na sasa aliona zinakotaka kuelekea. "Yalikuja robota moja tu, zamani kidogo. Niliyamaliza mnadani, kwa wafugaji. Afande, mimi sijaua samaki wa mtu. Nafua, basi. Hata kina mama wote wale wanafua."

Walikuwa wanafua kweli, wamejipanga kando ya maji, rangi kwa rangi. Fausta alitoa leso yake nyeupe, ya pamba, iliyokuwa ya mama yake. Aliikunjua, akayapitisha maji kwenye leso ndoo kwa ndoo, pale pale chini ya Evod. Kisha akaianika kwenye jua na kuitazama kwa kioo cha kukuzia alichoazima kwa Bryson. Kulikuwa na nyuzi nyekundu, nyeusi, kijani, bluu, nyeupe. Zambarau aliiona moja, labda mbili. Mto ulikuwa umebeba mavazi ya mji mzima.

Samaki wa Bibi Yosefina walikuwa na rangi moja tu.

Kwa hiyo zambarau ile haikutoka kwa Evod wala kwa kina mama wafuaji. Iliingia baada ya mto, kabla ya bwawa, na iliingia kwa wingi. Mtu anayepita usiku na blanketi begani hamwagi nyuzi za kujaza mashavu ya samaki wote. Blanketi hilo lilikaa ndani ya maji, siku nyingi, likisagika.

"Mjini hapa tunamkamata mtu kwanza," alijisemea, "ndipo tunamtafutia kosa."

*

Limbu aliinuka alipomwona anaingia mahabusu. Alikuwa mrefu, amekonda, na blanketi lake la zambarau lilikuwa kwenye meza ya askari kama kidhibiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mke wangu Ester alileta ugali. Ng'ombe zangu wamekunywa?"

"Wamekunywa. Nimehakikisha mwenyewe." Fausta aliketi. "Blanketi hili limewahi kukaa majini?"

"Ng'o. Liangalie."

Alikuwa ameshaliangalia. Lilikuwa zima, manyoya yamejaa, linanuka moshi na maziwa. Nyuzi zake zilifanana na zile za samaki kama pacha na pacha.

"Limbu, nisaidie nikusaidie. Nyuzi za blanketi hili ziko kwenye samaki wote wa Bibi."

Mfugaji aliugeukia ukuta. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuhamishwa mara nyingi, anayejua jinsi maneno yanavyoanza. "Mimi nilinunua mawili," alisema. "Mnadani, kwa yule wa mitumba. Moja langu. Moja nilimpa mzee Anselim. Alikuwa analala bwawani kuwafukuza fisi maji, na kifua kinambana. Nikasema, mzee, ukifa na baridi nani atanifundisha kuvua?" Alicheka peke yake, kicheko kikaisha njiani. "Alinifundisha vibaya sana. Msukuma na mtumbwi wapi na wapi! Tulizama mara mbili. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini."

"Sasa lile la kwake liko wapi?"

"Mimi sikuuliza. Vitu vya marehemu huviulizi."

"Kwa nini hukuwaambia hili jana, wakati wanakupiga?"

"Waliniuliza kama nimeua samaki. Nikasema hapana. Hawakuuliza kingine."

*

Jua lilikuwa limeanza kulegea Fausta aliporudi bwawani. Bibi Yosefina alikuwa anawazika samaki kwenye shimo, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mama, baada ya arobaini ya mzee, nguo zake mliwagawia nani?"

"Koti alichukua kaka yake. Suruali wajomba. Kofia ya sikukuu kijana wa dada yake." Alijibu kama anayehesabu shanga.

"Na blanketi?"

Jembe lilisimama. "Hakuna aliyelitaka. Lilikuwa linanuka samaki. Nilibaki nalo."

"Liko wapi?"

Bibi Yosefina aliliweka jembe chini, akaanza kutembea kuufuata mfereji wa bomba kuelekea mtoni, na Fausta akamfuata. Kule juu, pale bomba linapoyapokea maji, nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu. Bibi alizisukuma kwa mguu, akaonyesha.

Fausta alivua viatu, akaingia. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa kitu kizito, kimejaa tope na majani yaliyooza. Alishika, akavuta. Kilikuja kwa shida, kikinyonywa, halafu kikaachia ghafla na maji yakaingia bombani kwa mngurumo. Mkononi alikuwa na blanketi. Kingo zake zilikuwa zimeliwa na maji, manyoya yameisha katikati, limebaki wavu wa nyuzi tupu.

"Niliona watoto wa kambale wanapita," alisema Bibi Yosefina. "Migono imeoza, wa kusuka hayupo. Nikasema, blanketi hili linapitisha maji na haliozi, ni imara kuliko matete. Nililikunja vizuri. Nililifunga kwa kamba yake mwenyewe. Alikuwa analinda bwawa akiwa hai. Nikamwachia kazi yake."

Fausta alimweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mama yake. Blanketi lilipitisha maji mwanzoni. Halafu tope likashika kwenye manyoya, majani yakashika kwenye tope, maji yakabaki matone. Joto hili likaja, bwawa likasimama, na usiku perege wakaishiwa hewa. Kilichopita bombani muda wote huo ni nyuzi, maana plastiki haiozi, inasagika tu, inazidi kuwa ndogo. Samaki walikuwa wamezipumua na kuzimeza siku nyingi kabla ya kufa.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, mama."

"Nilimwona Limbu anaburutwa. Alinitazama." Bibi Yosefina alilichukua blanketi mikononi mwa Fausta, akalikamua, akalikunja likiwa na tope lake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na mimi nilikuwa nashangilia."

"Jioni kuna mkutano. Naweza kuwasomea taarifa mimi."

"Taarifa ya polisi wataisikiliza kwa sikio moja. Nitasema mwenyewe."

*

Uwanja wa ofisi ya mtaa ulikuwa umejaa kuliko jana. Beatus, mwenyekiti, alikuwa ameshalijaribu koo lake mara kadhaa. Limbu aliletwa na kusimamishwa kando, Fausta ubavuni mwake, na watu wakaanza kuguna. Nyuma ya ofisi ng'ombe walilia waliposikia harufu ya mwenye mali.

"Ajenda ni ile ile," alisema Beatus. "Jana tulikubaliana kwamba aliyeua samaki wa Bibi Yosefina hatufai, ahame. Leo tunapitisha."

"Subiri." Bibi Yosefina alisimama. Kelele zikapungua, kwa sababu mfiwa ndiye mwenye neno. Alikwenda mbele, akaliweka lile blanketi lenye tope juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya karatasi zake. "Hili ni la Anselim. Mnalijua. Mimi ndiye niliyelitia kwenye bomba. Limeziba maji, samaki wamekufa kwa kukosa hewa, na nyuzi zake ndizo zilizo kwenye mashavu yao. Inspekta amelitoa mbele ya macho yangu. Limbu hakufika bwawani kwangu."

Beatus alivuta karatasi zake kutoka chini ya tope.

"Sasa jana mlisema aliyeua ahame, na mimi nilinyoosha mkono wangu pamoja nanyi. Aliyeua nimesimama hapa." Alizungusha macho, mstari kwa mstari, akiwaangalia wale vijana waliokuwa wa kwanza jana. "Haya, nyoosheni. Nataka nihesabu."

Kijana mmoja alijikuna shingo, akagundua mkono wake uko juu, akaushusha upesi. Beatus alichezea kalamu. Bibi Yosefina alingoja, mikono kiunoni, akawapa muda wote waliouhitaji.

"Hakuna? Hata mmoja?" Alimgeukia Beatus. "Basi, mwenyekiti, toa ufunguo. Mfungulieni mwanangu ng'ombe wake."